Mikono Iliyoinuliwa Sebuleni kwa Mama Mdogo

Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe nikajiona ukutani nikilia.

Sio mtu anayefanana na mimi. Mimi, Nyaboke mwenyewe, na shati la kazi, kamasi zinanitoka, mdomo wazi kama mtoto aliyeachwa sokoni. Uso wangu ulikuwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa hoteli hapa Al Sadd, Doha, mbele ya wageni wa suti na kanzu nyeupe. Na kwenye hiyo picha nilikuwa ndani ya sebule moja huko Rotterdam, Uholanzi.

Uholanzi sijawahi kukanyaga. Hata viza ya huko sijawahi kuomba.

Wacha niwaambie vile ilienda. Na kama unakula saa hii, weka sahani kando kwanza, kwa sababu hii stori ina kinyaa na mimi sina mpango wa kuipaka asali.

Mimi ni mhudumu wa banketi. Kazi yangu ni kupanga viti, kumimina chai, kutoa vikombe, na kutoonekana. Ukionekana umekosea.

Siku hiyo kulikuwa na semina ya watu wa majengo, wale wanaobomoa mitaa ya zamani na kuinua mipya. Mudir wetu, yaani meneja, anaitwa Rodney, Mkenya mwenzetu, ila akishavaa ile koti anasahau. Asubuhi alitupanga kwa mstari akatuambia wageni ni wazito na hataki kusikia hata kijiko kikigonga sahani.

Mbele alikuwa anaongea mama mmoja Mholanzi, mrefu, suti ya kijivu na raba nyeupe. Alikuwa anaeleza vile walifufua mtaa wa bandarini kule kwao. Mtaa wa watu mchanganyiko, ndivyo alivyouita. Akaonyesha picha za kitambo, nguo zimeanikwa madirishani, watoto wa kila rangi wanacheza barabarani. Halafu akaonyesha za sasa. Miti, baiskeli, vioo vikubwa, watu wanakunywa kahawa juani wakiwa na mbwa.

Ningepita zangu. Lakini akataja jina la mtaa, nami nikasimama na trei yangu, kwa sababu huo ni mtaa wa mama mdogo wangu.

Rael ni mdogo wake mama. Alienda Uholanzi zamani kusomea uuguzi, akaolewa huko na Baba Mdogo Athanas aliyekuwa akiendesha kreni bandarini. Wakapata mtoto mmoja tu, Cyrus. Maisha yao yote ya ndoa waliishi mtaa huo, na mama mdogo alikuwa akinisimulia habari zake kwa simu vile wazee wengine husimulia ukoo.

Kwamba zile nyumba zilijengewa vibarua wa Kiholanzi waliotoka mashambani kuja kubeba mizigo melini. Hao walipopata afueni wakahama. Wakaja Wahispania, wakaja Waturuki kama Mzee Orhan wa chini, aliyefika akiwa kijana wa kuchomelea vyuma vya meli. Wakaja watu wa Suriname kama Mama Hilda wa mlango wa pili. Wakafuata Wamoroko na Wasomali, na mwishowe sisi.

Kila waliofika walikuta waliotangulia wamewanunia. Wakishazoeana, wanaungana kuwanunia wanaofuata. Hapo mama mdogo alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Lakini msiba ukiingia, hakuna aliyenuna.

Sebule ya mama mdogo ndiyo ilikuwa nyumba ya matanga ya mtaa mzima. Akifa Mkenya, akifa Mganda, hata yule mzee wa Suriname aliyekuwa hana mtu duniani, watu walijaa kwa Rael kila jioni mpaka azikwe. Viti vilitoka kwa Mzee Orhan, ambaye alikuwa na kimkahawa cha chai cha wazee wa Kituruki. Huyo hakuwa akiombwa. Akisikia kuna msiba, anapandisha viti mwenyewe ngazi kwa ngazi na magoti yake mabovu. Mama Hilda naye analeta sufuria ya wali ambayo lazima ishikwe na watu wawili.

Halafu mtaa ukabomolewa.

Waliambiwa wanahama kwa muda tu, nyumba zikiisha warudi. Nyumba ziliisha, kodi ikawa ya watu wengine kabisa. Kila mtu akatupwa upande wake. Mama mdogo akapelekwa kwenye fleti ya pembeni mwa jiji, mahali ambapo hata kusikia mtu akigombana na mkewe ni bahati.

Kuhama hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba Orhan na Hilda waliacha kumsalimia.

Majirani wa miaka nenda miaka rudi. Alipolazwa na presha, hakuna aliyekanyaga hospitali. Kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, nikitoka kanisani Mesaimeer ninampigia, na kila Ijumaa ananiambia kitu kimoja anachokitaka kabla Mungu hajamwita. Hataki ile nyumba ya zamani. Anataka Orhan na Hilda waketi tena sebuleni kwake. Nikimuuliza walikosana nini, anasema walikasirika kwa sababu ya kuhama, basi, tuongee mengine.

Nikawa naamini hivyo.

Sasa pale ukumbini picha ikabadilika, ndio nikajiona.

Ilikuwa sebule ya mama mdogo. Pazia ninalijua, ni sisi tuliomtumia kutoka Kisii. Watu wamejaa mpaka mlangoni, kila mtu ameinua mkono juu. Mezani kuna thermos kubwa ya chai, tableti imeegemezwa kwenye thermos, na ndani ya tableti niko mimi nalia.

Hayo yalikuwa matanga ya Baba Mdogo Athanas.

Nilikumbuka kila kitu. Sikuwa nimepata ruhusa ya kusafiri, kwa hivyo wakati wa mapumziko nilijifungia kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, wakaniunganisha kwa video. Pasta alisema kila mtu ainue mkono na afumbe macho tumwombee mjane. Watu wakainua. Mzee Orhan ni Mwislamu, yeye aliinua viganja vyote viwili akamwombea rafiki yake dua vile anavyojua.

Yule mama Mholanzi akasogea karibu na skrini. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila mtu asikie:

"Hapa ni wakazi wenyewe, nyumbani kwa mmoja wao, wakipiga kura ya kuukubali mradi."

Nilidhani ni masikio yangu.

Akapeleka ile taa yake nyekundu ya kuonyeshea usoni kwangu, pale kwenye tableti. Akasema hata waliokuwa mbali walishiriki kwa mtandao, ushirikishwaji ulikuwa wa namna hiyo. Mimi huyo anayemuonyesha nimesimama hatua chache kutoka kwake, nimeshika vikombe vichafu vya wageni wake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Halafu ile taa ikaenda kwa Mzee Orhan na viganja vyake viwili. Mama akatabasamu.

"Na huyu bwana alifurahi mpaka akapiga kura mara mbili."

Ukumbi mzima ukacheka.

Watu wangu, nimewahi kusafisha choo cha harusi. Nimewahi kuosha zulia ambalo mgeni alilitapikia. Sijawahi kusikia kinyaa kama kile. Mate yalijaa mdomoni, ya uchungu, na sikuwa na pa kuyatema. Vikombe vikagongana kwenye trei, Rodney akanikata jicho kutoka upande wa pili.

Hapa Doha mtaa ukitakiwa, karatasi inabandikwa mlangoni na unafunga virago. Mimi nimehama hivyo zaidi ya mara moja kabla sijafika Muaither ninakoishi sasa. Inauma, lakini angalau hakuna mtu anayekuja kwenye kilio chako kuhesabu mikono.

Wakati wa chai nikamfuata yule mama. Nilimuomba radhi kwanza, nikamwambia ile picha ni ya matanga, na yule analia kwenye tableti ni mimi. Akanitazama, akazitazama karatasi zake, akanitazama tena. Niseme ukweli, uso wake ulibadilika. Lakini ni uso wa mtu anayejiuliza kama hii itamletea shida, sio wa mtu aliyeguswa.

"Picha tulipewa na mwakilishi wa wakazi," akaniambia. "Ni kijana wa mtaa huo huo. Kwa kweli yuko hapa, ataongea kipindi cha pili. Ungependa nikukutanishe naye?"

Akanyoosha kidole kuelekea meza ya tende.

Alikuwa Cyrus.

Cyrus wa mama mdogo, mtoto wa marehemu mwenyewe, na suti ya bluu, na beji shingoni, anachagua tende kana kwamba anachagua mbuzi wa mahari.

Ngoja kidogo. Kwetu ukitua mji ambao una mtu wenu, unamwambia. Hata kama hamuelewani, unapiga simu, unasema niko hapa, basi mtu ajue. Huyu alikuwa amemwambia mamake kwamba kazi imembana Amsterdam, hawezi hata kwenda kumuona Jumapili. Kumbe amelala kwenye hoteli yangu. Pengine asubuhi ni mimi niliyemmiminia kahawa akiwa amenipa mgongo.

Na hapo ndipo nikakumbuka nilichokiona siku ya matanga.

Watu wote walikuwa wamefumba macho, lakini mimi kwenye tableti nilikuwa nautafuta uso wa mama mdogo. Na nilimuona Cyrus mlangoni, amepandisha simu juu, anasogea kushoto, anasogea kulia. Sikushangaa hata kidogo. Kwenye matanga yetu lazima kuna mtu wa kurekodi, kwa sababu kuna shosho, nyanya wa kijijini, anayesubiri kuona nani alikuja na nani alilia. Mtu akirekodi kilio, sisi humpisha njia apate nafasi nzuri. Humuulizi anamrekodia nani.

Nikamvuta mpaka korido ya nyuma, ile ya toroli za vyombo. Hakushtuka vile nilivyotaka ashtuke. Akaniita Nyabs, akasema alikuwa anapanga kunitafuta kesho. Nikamuuliza kama anajua ile picha inatumika kusema nini.

"Mikono iliinuliwa ama haikuinuliwa?" akaniuliza.

Nikachukua kikombe safi kwenye toroli, mikono ipate cha kushika.  Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo kitatoka kitu kingine.

Akanielezea polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto na hesabu. Kwamba shirika la nyumba lilikuwa linataka kitu cha kuonyesha wakazi wako pamoja, na yeye ndiye alikuwa mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya wakazi. Kwamba mtaa ungebomolewa tu, kura au bila kura. Kwamba angalau mtoto mmoja wa pale alitoka na maisha. Babake angekuwa hai, akasema, angejivunia.

Wakati anasema hayo alikuwa anatafuna tende. Akamaliza, akatafuta pa kutupa kokwa, akaitema kwenye kikombe safi nilichokuwa nimeshika. Hata hakuangalia.

Akaniambia atamuongelesha mudir wangu nitolewe kwenye mambo ya trei, mtu kama mimi anafaa kuwa mapokezi. Akanigonga begani, akarudi ukumbini.

Nilibaki na kile kikombe. Kokwa ina mate inang'aa. 

Tiffany akanikuta hapo. Huyu ni Mganda, tunafanya naye zamu moja, na moyo wake ni mkubwa kuliko busara yake. Nikamweleza kwa ufupi. Akasema banange, tena akasema banange, akaniuliza kama mamake Cyrus anajua.

Ndio nikapiga simu.

Mama mdogo alishika haraka, kwa sababu hakuna mwingine anayempigia. Nikamwambia nimeiona picha ya matanga ya baba mdogo, inatumika kama kura. Nilikuwa natayarisha vile nitamtaja Cyrus pole pole, isije presha ikapanda.

 Akashusha pumzi.

"Hiyo picha naijua, Nyaboke. Ilichapishwa kwenye kitabu cha mradi, wakatugawia mlango kwa mlango. Orhan alikuja nacho akaniuliza ni nani aliuza kilio. Nikamwambia ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini, mama.

"Ningesema nini? Athanas alikuwa ndio ametoka kuzikwa. Nimpoteze na mtoto?"

Kwa hivyo alijua. Miaka yote ile ya kukaa peke yake kwenye ile fleti, akila wali wa sufuria ndogo, alikuwa anabeba uchafu wa Cyrus kama wake. Na Cyrus aliacha abebe. Nilimkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe. Kuna upendo wa mama ambao ukiuangalia kwa karibu unakunyima hamu ya kula.

Nikamwambia mtoto wake hayuko Amsterdam. Yuko hapa, na beji, anafundisha watu wa majengo wa dunia nzima vile watu hushirikishwa, na ile picha ndiyo mtaji wake. Akasema ameshazoea, nimuache tu, kila mtu atamjibu Mungu.

Sijui kwa nini niliongeza. Nikamwambia wamemcheka Orhan. Kwamba wamesema alifurahi mpaka akapiga kura mara mbili.

Nikasikia kiti kikisogezwa. 

"Wamemcheka Orhan?" akauliza. "Ile dua yake?"

Nikasema ndiyo. Na kipindi cha pili kinaanza, wataionyesha tena.

"Usikate simu," mama mdogo akaniambia. "Nipeleke hapo ndani."

Nikageuza simu iwe ya video, nikaingia na toroli ya chai nikaisimamisha nyuma ya ukumbi. Simu nikaiegemeza kwenye thermos. Sikupanga, ni mahali tu palikuwa hapo, na nilipoona uso wake kwenye kioo na ile thermos nyuma yake, nikayakumbuka matanga. Siku ile mimi nilikuwa kwenye meza yake. Leo yeye yuko kwenye yangu.

Cyrus akapanda. Anaongea vizuri, huwezi kumnyima hilo. Akasema alizaliwa kwenye ule mtaa, akasema mamake ni muuguzi, akasema mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Akaweka ile picha, akasema hii ilikuwa siku ambayo jamii yangu iliamua. Nikamuona mama mdogo kwenye simu ameweka mkono mdomoni.

Wakafungua maswali. Maikrofoni ilikuwa inazungushwa na Tiffany.

Sikumwambia kitu. Nilimtazama tu. Yeye akaipita mikono ya mabwana walioinua, akaja moja kwa moja mpaka kwenye toroli, akashusha maikrofoni mbele ya thermos.

"Kuna swali huku nyuma," akasema kwa Kiingereza.

Mama mdogo alianza kwa Kiholanzi. Sielewi Kiholanzi. Nilisikia Athanas, nikasikia Orhan, nikasikia jina la mtaa. Hakupandisha sauti, alikuwa anaongea vile wauguzi huongea na mgonjwa anayekataa dawa. Yule mama wa raba nyeupe ndiye alielewa kila neno. Nilimuona akiitazama skrini, halafu anamtazama Cyrus, halafu anavitazama viatu vyake.

Halafu mama mdogo akabadilisha lugha. Sasa alikuwa anaongea na mtu mmoja.

"Cyrus. Pasta alisema tufumbe macho, tukafumba wote. Tulikuwa tunakuombea na wewe. Wewe ulikuwa umefungua macho unatafuta picha."

Pale ukumbini waliosikia Kiswahili tulikuwa wachache, mimi na Tiffany na Rodney na yeye. Cyrus akachukua glasi yake. Akanywa maji. Akaangalia skrini nyuma yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona.

"Orhan nitamwambia ukweli leo," mama mdogo akamalizia. "Mzigo wako nimeutua. Njoo uuchukue."

Simu ikakatika.

Mnajua kilichofuata? Nilidhani kutakuwa na aibu. Nilidhani mtu atasimama atoke, au yule mama ataizima ile picha aombe msamaha.

Walipiga makofi.

Naapa. Mtu mmoja mbele alianza, wengine wakafuata, wakidhani ni sehemu ya programu, mkazi halisi amepigiwa simu atoe salamu. Mama Mholanzi akashika maikrofoni yake, akasema asante kwa sauti hii muhimu kutoka kwa jamii, kisha akabonyeza, ikaja picha ya mti. Cyrus naye akapiga makofi. Alimpigia mamake makofi.

Niliinua mfuniko wa ndoo ya mabaki nikatema. Sikujali nani ananiona.

Rodney alinisubiri korido. Alisimama pale akiigeuzageuza ile kadi yake ya kufungulia milango. Akasema amesikia kila kitu, na kwamba kama ni yeye na mamake angelia. Halafu akasema khalas, imetosha Nyaboke, banketi umetoka, kesho uripoti kwa kuosha masufuria. Tiffany pia. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, ni kwa muda tu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema kwa muda tu, najua mahali nitazeekea.

Cyrus aliondoka bila kuniaga. Mpaka leo bado anazunguka na hiyo semina yake. Juzi nilimuona mtandaoni akiwa nchi nyingine, suti nyingine, picha ile ile. Wameikata kidogo tu upande wa chini, tableti haionekani tena. Mimi nimetolewa. Orhan bado wamemuacha na mikono yake miwili.

Sasa mama mdogo.

Jioni ile ile alipanda basi mpaka kwa Mzee Orhan, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake. Alimwambia mlangoni, kabla hajakaribishwa. Orhan alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Mama mdogo akarudi kwake, akanipigia akaniambia basi, angalau nimesema.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Ilikuwa inakaribia siku ya kumkumbuka Baba Mdogo Athanas na alikuwa amepanga kuomba peke yake, mimi nikiwa kwa video.

Siku yenyewe nilikuwa chumbani Muaither, bado nanuka sabuni ya masufuria. Akaniegemeza kwenye thermos kama kawaida. Tulikuwa ndio tunaanza wimbo, tukasikia kitu kinagongagonga huko nje kwenye ngazi. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena.

Mama mdogo akaenda kufungua. Nikasikia analia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata siku ya mazishi.

Ni Mzee Orhan. Alikuwa amepandisha viti.

Mkahawa wake ulibomolewa pamoja na mtaa, lakini viti alikuwa ameviweka kwenye stoo ya binti yake. Nyuma yake alikuwa Mama Hilda ameshika sikio moja la ile sufuria, na mwanamume nisiyemjua ameshika lingine. Wakaja wengine wa zamani, mmoja mmoja, wanahema kwa sababu lifti ya hiyo fleti huwa imekufa. Hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyeombwa. Mama Hilda alilalamika tu kwamba jiko la mama mdogo ni dogo.

Mlangoni mama mdogo aliweka kapu. Kila aliyeingia alidondosha simu yake humo. Mtu mmoja akauliza kuhusu Cyrus, kama atakuja. Mama mdogo akajibu kwamba mlango wake uko wazi na mtoto wake anaujua, ila naye simu ataiacha kwenye kapu kama wengine.

Cyrus hakuja.

Ulipofika wakati wa maombi, pasta akasema tufumbe macho. Mama mdogo akamkatiza.

"Leo tunaomba macho wazi," akasema. "Kila mtu amwone mwenzake."

Wakainua mikono wakitazamana. Ilikuwa ajabu kidogo, wengine walikuwa wanaona haya, Mama Hilda alicheka katikati ya amina. Mzee Orhan akainua viganja vyake viwili, akazungusha macho chumbani kote, akafika kwangu kwenye thermos, akanitikisia kichwa.

Funzo langu mimi ni hili, na nimelilipia kwa kuosha masufuria ya hoteli nzima. Ukiona mtu amepandisha simu kwenye kilio chenu, hata kama ni mtoto wa marehemu, usimpishe njia. Muulize anamrekodia nani. Asipokuwa na jina la shosho, mtoe nje.